Mvukuta Moto wa Al Rayyan

Kwa miaka sita Joram Oundo alilinda vitu ambavyo havikuwa vyake na ambavyo hakuna mtu aliyewahi kujaribu kuviiba. Alilinda maegesho ya magari ya duka moja kule Abu Hamour, Doha, akalinda mlango wa zahanati, akalinda ghala la vigae ambako kazi kubwa ilikuwa kufukuza paka. Kampuni ilimhamisha kama mtu anavyohamisha kiti, leo hapa, kesho pale, na yeye hakulalamika. Alikuwa mrefu, mkimya, na mabega yake bado yalikuwa ya mtu aliyekulia shambani. Ijumaa alikwenda Mesaimeer kusali na Waanglikana wenzake, kisha akarudi chumbani Al Rayyan kupiga pasi sare.

Halafu wakampeleka kwenye ukumbi wa maonyesho, hapo hapo Al Rayyan, ambako kulikuwa na kitu ambacho hakukitarajia.

Maonyesho yale yalihusu jinsi watu wa Ulaya walivyoyeyusha madini zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Saa za asubuhi, wageni wakiwa wachache, Joram alitembea polepole kando ya ukuta akisoma maelezo yaliyobandikwa chini ya picha, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya alisoma yote, kisha akayarudia. Alisoma jinsi mawe yalivyoletwa kutoka mashimoni hadi kwenye meza ndefu walikoketi wanawake na wazee, wakiyaponda kwa nyundo na kuyachagua, lenye madini huku, lisilo na kitu kule. Yaliyochaguliwa yalichomwa kwanza juu ya marundo ya kuni ili salfa itoke kwa moshi, na moshi ule uliunguza mazao ya jirani hata wakulima wakaenda kushtaki. Ndipo yalipoingizwa tanuruni, tabaka la mawe, tabaka la makaa, huku mivukuto ya kupuliza upepo, mirefu kuliko kitanda, ikisukumwa na gurudumu la maji ya mto. Fedha, ile ya kufulia vikuku, ilijificha ndani ya risasi, madini mazito ya kijivu. Basi risasi iliyeyushwa upya katika bakuli la jivu la mifupa, ikapulizwa upepo mpaka ikawa utando wa kuondolewa, utando juu ya utando, hadi ule wa mwisho ulipopasuka na fedha ikang'aa ghafla kama jicho linalofumbuka. Misitu mizima ya Wajerumani na Wacheki iliishia kuwa makaa. Wavukutaji waliovuta moshi wa risasi hawakuzeeka. Inasemekana baadhi yao walikula siagi kabla ya zamu wakidhani itawakinga.

Lakini picha iliyomsimamisha haikuhusu fedha. Ilikuwa ndogo, pembeni, ya tanuru fupi la kuyeyushia chuma la milimani ambako hakukuwa na mto wa kuzungusha gurudumu. Wanaume wawili wamesimama mbele ya tanuru, kila mmoja kashika mti wa mvukuto wa ngozi, mmoja ameinua, mwingine ameshusha. Joram aliitazama mpaka mwenzake wa zamu akamwita mara mbili.

"Omera, ndugu yangu, umeona jamaa yako hapo?" Ndiye Oloo, mlinzi kutoka Siaya, ambaye alijua kuchokoza watu bila kuwaudhi.

"Ni kama jamaa," Joram akasema. "Hao wanafanya kazi ya babu yangu."

"Babu yako alikuwa mzungu? Sasa nimeelewa kwa nini unapenda chai bila sukari."

Joram ni Msamia, na katika vilima vya Samia, upande wa Kenya unaotazama Uganda, kuna ardhi nyekundu yenye mawe mazito. Zamani watu wa pale waliyeyusha mawe hayo wakafua majembe, na majembe yakaoa wake na kununua ng'ombe mbali sana na vilima vile. Kisha meli zikaleta majembe ya kiwandani, mepesi na rahisi, na tanuru moja baada ya jingine likazimwa. Babu yake Joram alikuwa wa mwisho katika ukoo kuvukuta. Baba yake, Mzee Wandera, hakuwahi kuvukuta tanuru hata siku moja. Alichorithi ni mwendo wa mikono tu. Jioni alimketisha Joram mdogo mbele yake, akapiga magoti yake kwa viganja, kulia, kushoto, kulia, kushoto, polepole kuliko pumzi ya mtu aliyelala, akamwambia: piga hivi mpaka usahau kwamba unapiga. Ulikuwa mwendo usio na kazi, kama funguo za nyumba iliyokwisha kubomoka, na mzee aliutunza maisha yake yote.

Pamoja na mwendo huo alitunza na miiko yake. Mingi Joram aliisahau. Mmoja haukusahaulika kwa sababu mzee aliurudia kila mara: mtu mwenye maiti ambaye hajazikwa hashiki mvukuto wala hautazami moto wa tanuru. Anakaa ameupa kisogo mpaka maiti wake aingie ardhini.

"Kwa nini?" Joram aliwahi kuuliza.

"Kwa sababu mkono wake si wake siku hizo," mzee alijibu.

Mwezi wa Januari, hewa ya Doha ikiwa baridi ya kupendeza, akaja Shaun. Alikuwa mhunzi kutoka Wales, mwenye ndevu zilizoungua upande mmoja, na kazi yake duniani ilikuwa kuzunguka nchi hadi nchi akijenga matanuru ya kale na kuyawasha mbele ya watu. Uani nyuma ya ukumbi alijenga tanuru la udongo na mchanga lililomfika kifuani, akaweka mivukuto miwili ya ngozi ya ng'ombe, na bomba la udongo la kupitisha upepo. Mawe mekundu yalikuja kwa ndoo kutoka ng'ambo. Makaa ndiyo yaliyomsumbua. Ya kwanza aliyoletewa yalikuwa yale yaliyoshindiliwa kwa ajili ya shisha, akayanusa, akacheka, akayarudisha.

Alihitaji watu wawili wa kuvukuta. Wasimamizi wakampa walinzi, kwa kuwa walinzi walikuwepo tu. Oloo alijaribu wa kwanza, akavukuta kwa nguvu zote, ndimi za moto zikaruka juu ya tanuru na Shaun akapunga mikono kama anayesimamisha lori.

"Si mashindano," Shaun akasema.

Joram akashika miti miwili peke yake, kulia na kushoto. Hakufikiri. Mikono ilikwenda ilikofundishwa kwenda, na upepo ukaingia tanuruni bila kukatika, mvukuto mmoja ukipokea pale mwingine ulipoishia. Shaun alisikiliza ameinamisha kichwa. Baadaye kidogo akaenda kukaa chini, akawasha sigara, jambo ambalo hakuwa amefanya tangu asubuhi.

"Nani amekufundisha?"

"Baba."

"Yeye ni mhunzi?"

"Yeye ni mwalimu mstaafu wa hesabu," Joram akasema, "lakini ana magoti mazuri." Shaun hakuelewa, na Joram hakujua aanzie wapi kumweleza.

Usiku ule alimpigia baba yake simu ya video. Mzee alikuwa kitandani, moyo ulikuwa ukimsumbua tangu Krismasi, lakini aliposikia neno tanuru aliomba ainuliwe aketi. Alitaka kujua ngozi ni ya mnyama gani, bomba lina upana gani, mzungu anajua au anababaisha. Joram akamwambia kwamba watawasha Alhamisi ya wiki ijayo mbele ya wageni, na kwamba yeye ndiye atakayevukuta.

"Utanionyesha kikitoka?"

"Nitakuonyesha, baba. Utakiona chuma kikitoka. Nakuahidi."

"Tangu nizaliwe nasikia habari zake tu," mzee akasema. "Alhamisi. Nitangoja."

Hakungoja. Jumanne, Joram akiwa langoni, simu yake ilitetemeka mfukoni. Alikuwa Shangazi Nabwire, dada mkubwa wa baba yake, mwanamke ambaye hakupiga simu kwa mambo madogo.

"Joram, keti."

"Niko kazini, shangazi."

"Basi egemea kitu. Baba yako ametuacha. Asubuhi hii, akinywa uji. Hakuteseka."

Joram aliegemea nguzo ya lango. Gari jeupe lilifika, akalifungulia, dereva akamsalimu kwa mkono, naye akarudisha salamu.

"Tunazika Jumamosi," shangazi aliendelea. "Utafika?"

"Nitafika."

"Vizuri. Na ile kazi ya moto aliyokuwa akimweleza kila mtu aliyeingia mlangoni, najua hutaishika. Sina haja ya kukwambia."

"Ndiyo, shangazi," Joram akasema, na hata yeye mwenyewe hakujua amekubali nini.

Ofisini aliomba ruhusa ya dharura. Alipoulizwa sababu alisema mzee ni mgonjwa sana. Maneno yalitoka yenyewe. Wakampa ndege ya Alhamisi usiku. Akitoka pale alijiambia kwamba hakudanganya kwa ubaya. Akisema mgonjwa, mzee anabaki hai siku mbili zaidi, hata kama ni ndani ya kinywa chake tu. Akisema amekufa, Shaun, ambaye si mtu mbaya, atampa pole na kumwambia apumzike, na Alhamisi mtu mwingine atasimama kwenye mivukuto. Ahadi itakuwa imekufa pamoja na aliyeahidiwa.

Chumbani walilala watu wanne. Kitanda cha juu yake kilikuwa cha Dedan, dereva wa basi la wageni, Mkikuyu wa Nyahururu, mtu wa maneno mengi ambaye hata usingizini alibishana na watu. Alimwona Joram akikunja suti nyeusi.

"Mzee anaendeleaje?"

"Ametulia."

"Mungu ni mwema. Lakini suti ya nini, buda? Unaenda kumtembelea mgonjwa ama unaenda kuoa?"

"Kule kwetu tunavaa vizuri."

"Mimi kwetu mgonjwa akiniona na suti nyeusi atakufa kwa mshtuko," Dedan akasema, kisha akaona uso wa mwenzake, akadhani ni uchovu, akazima taa.

Siku mbili hizo Joram alibishana na mwiko kimoyomoyo. Nani Doha aliyeujua? Oloo hakuujua. Shaun hakuujua. Waliokuwa wakiujua walikuwa wamebaki wachache sana duniani, na mmoja wao alikuwa amelala kwenye jokofu la hospitali Busia. Na je, nani aliyekuwa na haki ya kuudai zaidi ya huyo? Huyo huyo ndiye aliyesema nitangoja. Ukimtii katika hili unamvunjia lile. Joram aligeuka huku na huku kitandani, na alfajiri ya Alhamisi alikuwa ameamua: atavukuta. Atavukuta kwa ajili ya mzee, vizuri kuliko alivyowahi kuvukuta, na chuma kikitoka atakishika mkononi kikiwa bado na joto na kusema kimyakimya, hiki hapa. Kisha atapanda ndege.

Waliwasha kuni tanuruni asubuhi na mapema ili udongo ukauke na kupata moto. Wageni walipoanza kuketi chini ya turubai, walimu na watoto wao, maofisa wa balozi mbalimbali, wazee wawili wa Kikatari waliokuja na fimbo zao na udadisi wao, tayari tanuru lilikuwa limejaa makaa hadi mdomoni. Shaun alieleza kwa kipaza sauti. Alisema kwamba chuma kinachotoka katika tanuru dogo kama hili hakiyeyuki kikawa maji; kinajikusanya chini taratibu kama donge lenye matundu, huku uchafu wa mawe ukiyeyuka na kutiririka nje. Akasema siri yote ni moto wa kadiri. Moto ukipungua, mawe yanabaki mawe. Moto ukizidi, chuma kinakunywa makaa kupita kiasi, kinakuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika, na ukikipiga nyundo kinapasuka kama chungu.

Joram alishika miti. Kulia, kushoto.

Saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Shaun alipanda kijingazi, akamimina kijiko kikubwa cha mawe mekundu yaliyosagwa, kisha makaa, kisha mawe. Mwale wa bluu ulisimama juu ya tanuru, mtulivu. Joram alihisi baba yake yuko karibu, magoti yake, viganja vyake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne kifua chake kililegea. Akakumbuka uji. Alikuwa akinywa uji, shangazi alisema. Nani alikishika kikombe kilipoanguka? Kilianguka? Alikuwa ameketi au amelala? Mbona hakuuliza?

"Joram," Shaun akaita. "Unakimbia."

Joram akashtuka. Mwale ulikuwa umerefuka na kuwa wa manjano. Akarudisha mwendo.

Oloo, aliyekuwa akipokezana naye kwa mapumziko mafupi, akamletea maji. "Leo ni wewe unavukuta kama umefukuzwa na polisi," akanong'ona. "Nikusaidie?"

"Bado."

Akaendelea. Alijaribu kuhesabu pumzi. Lakini kila aliposhusha mkono wa kulia lilikuja jambo jingine: sauti ya mzee akisema nitangoja, kama abiria anayekaa na mzigo wake kituoni, na yeye Joram, ambaye angeweza kuwasha simu Jumatatu na kumwonyesha hata tanuru lililo tupu, hata mivukuto tu, akaona hakuna haja, Alhamisi i karibu. Mikono ikaenda na mawazo hayo. Ngozi ikaanza kupiga kelele.

"Polepole!" Safari hii Shaun alishuka kijingazi. Alichungulia kwenye tundu dogo juu ya bomba, akakunja uso. Ndani, weupe uliumiza macho. Ukuta wa udongo kuzunguka bomba ulikuwa umeanza kuliwa. "Kuna nini leo? Wiki nzima umekuwa kama saa ya ukutani. Tukiendelea hivi dakika kumi nyingine, tutapata kitu cha kutupa."

"Samahani. Najirekebisha."

Alijirekebisha. Alitazama mikono yake, hii ya kulia, hii ya kushoto, akaiamuru. Na akiwa anaitazama akaiona ikiongeza mwendo mbele ya macho yake, bila ruhusa, kama mikono ya mtu mwingine anayetaka jambo hili lipite haraka, liishe, ili aende akalie mahali pasipo na watu.

Mkono wake si wake siku hizo.

Kwa hiyo hicho ndicho alichomaanisha. Joram alikuwa amedhani miaka yote kwamba mwiko ule ulihusu mizimu, au hasira ya chuma, mambo ambayo Mwanglikana anaweza kuyatikisia kichwa na kupita. Kumbe wazee walikuwa wameona mikono. Walikuwa wamemwona mtu kama yeye, mbele ya tanuru kama hili, akiwaunguzia kazi ya msimu mzima kwa majonzi, na kwa huruma wakamwekea sheria ili asilazimike kueleza.

Akaiachia miti. Mvukuto wa kulia ulishuka wenyewe ukitoa pumzi ndefu.

"Oloo, shika. Polepole. Ukifikiri unakwenda polepole, punguza tena." Kisha akamgeukia Shaun, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa kimening'inia shingoni mwa Shaun, wageni wote wakasikia. "Nina msiba. Baba yangu amefariki. Mtu mwenye msiba kwetu hashiki kazi hii. Nilijua, nikashika."

 Shaun akazima kipaza sauti. "Lini?"

"Jumanne."

"Jumanne! Na umekuja hapa siku zote hizi…"  Aliweka mkono wake mzito begani mwa Joram, akautoa mara moja, akakimbilia mvukuto wa pili kwa sababu moto hausubiri mtu, akaanza kuvukuta mkabala na Oloo. Wale wazee wawili wa Kikatari walisimama wakamwinamia Joram vichwa, mmoja akasema kwa Kiarabu kwamba sisi sote ni wa Mungu na kwake tutarejea. Joram aliyaelewa maneno hayo. Alikuwa ameyasikia milangoni mwa watu miaka sita.

Akachukua ndoo tupu ya mawe, akaipindua karibu na ukuta wa ua, akaketi ameupa moto kisogo. Mbele yake palikuwa na saruji ya ukuta na kivuli chake mwenyewe kikitikisika kwa mwanga uliokuwa nyuma.

Dedan alikuja akikimbia kutoka kwenye basi, ameshaambiwa. Alisimama, akaketi chini kabisa kwenye vumbi, akiwa na shati lake jeupe la kazi.

"Joram. Umelala chini yangu siku mbili na maiti kifuani, na mimi nakufanyia utani wa suti."

"Hukujua."

"Ungeniambia! Tungekaa na wewe. Tungeimba hata wimbo mmoja. Hivi ndivyo watu wanaishi?" Akapangusa uso kwa kiganja. "Pole, ndugu yangu. Pole sana. Sasa mbona unatazama ukuta?"

Joram akamweleza, kwa maneno machache. Kisha akapiga simu nyumbani. Ilipokelewa mara moja, na nyuma ya sauti ya shangazi kulikuwa na sauti za watu wengi, na mtu anayepasua kuni.

"Shangazi, niliushika mvukuto."

Shangazi akasogea mbali na kelele za watu. 

"Umeuachia?"

"Nimeuachia. Mkono ulianza kukimbia."

"Umekaa vipi?"

"Nimeupa kisogo."

Akamsikia akishusha pumzi. Alipozungumza tena hakuwa mkali. "Kaka yangu naye alitaka kuona. Usiku wa Jumatatu alikuwa akinisumbua, Alhamisi ni kesho? Nikamwambia bado, lala. Sasa nisikilize. Kaa hivyo hivyo mpaka wamalize, usigeuke hata wakikuita. Hutamletea kitu chochote cha moto ule. Utakuja mikono mitupu, na kabla hatujamfunika nitawaambia watu watoke, na utamweleza mwenyewe. Ulichofanya, na kilichotokea. Yote. Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Basi ule kitu kabla ya safari."

Mchana ukasogea. Nyuma yake alisikia mivukuto, sasa miwili isiyolingana vizuri, mmoja wa Mjaluo na mmoja wa mtu wa Wales, ikitafutana, ikikosana, mwishowe ikipatana. Alisikia Shaun akisema tundu la chini limefunguliwa, na wageni wakapiga kelele ya mshangao. Uchafu ulikuwa unatiririka. Alisikia watoto wakiambiwa warudi nyuma. Kila kitu alichokingoja kilikuwa mita chache kutoka kisogoni kwake, na alihisi joto lake mgongoni, kupitia sare. Mara moja shingo yake ilianza kugeuka yenyewe. Akashika magoti yake kwa nguvu.

"Dedan."

"Niko hapa."

"Wewe unaweza kutazama. Tazama kwa niaba yangu."

Dedan alisimama. "Mimi sijui chochote kuhusu hivi vitu, bana. Mimi ni mtu wa injini."

"Ndiyo maana. Sema unachokiona tu."

"Sawa." Dedan akakohoa kama mtu anayeitwa kusoma kanisani. "Wamevunja mlango wa mbele, ule wa udongo. Shaun ana chuma kirefu, anachokonoa. Oloo ana koleo. Jasho linamtoka kama amenyeshewa. Kuna makaa mengi yanamwagika, mekundu. Ngoja. Ngoja kidogo. Kuna kitu kimekwama ndani, hakitaki kutoka."

"Kina rangi gani?"

"Ni kama jua ukilitazama ukiwa umefumba macho. Machungwa, lakini ndani zaidi. Sasa wanavuta. Wote wawili. Kimetoka! Joram, kimetoka. Kinaonekana kama ugali ulioungulia kwenye sufuria, wa kule chini, umejaa matundu matundu. Wee, hiki ndicho watu wanakishangilia?"

"Ndicho. Kina ukubwa gani?"

"Kama kichwa cha mtoto. Hapana. Kidogo kuliko hicho." Dedan akasita, na Joram akajua anatafuta neno sahihi, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitafuta neno. "Kama ngumi mbili zikiwekwa pamoja. Za mtu mzima. Wamekiweka juu ya gogo, gogo linatoa moshi. Shaun ameshika nyundo ya mti, ile kubwa. Anakipiga."

 Pigo la kwanza lilikuja.

"Kimepasuka?" Joram aliuliza. Hilo ndilo lililobaki. Alikuwa amekivukuta kwa haraka karibu saa nzima, na kama mikono yake ilikuwa imekiharibu kingejulikana sasa. "Dedan, tazama vizuri. Kimepasuka?"

"Subiri apige tena."

Pigo la pili. La tatu. Dedan alikuwa amesogea hatua chache mbele. Sauti yake ilitoka mbali kidogo.

"Upande mmoja umevunjika. Kipande kimeanguka chini, Oloo amekisukuma kando kwa kiatu. Lakini hiki kikubwa kimeshikamana. Kinapigwa na kinabonyea. Shaun anatikisa kichwa, lakini ni kile kutikisa cha kukubali. Sasa wanakigeuza. Kinabonyea tena, Joram. Hakivunjiki."

Joram aliinamisha uso mpaka paji likagusa magoti. Mabega yake yakaanza kutikisika, na safari hii hakuna kilichoharibika kwa haraka yake, kwa hiyo aliyaacha. Dedan alirudi, akasimama nyuma yake, kati yake na moto.

"Nimalizie hapo?" aliuliza kwa upole.

"Hapana. Rudia tangu mwanzo," Joram akasema. "Polepole, na usiache kitu, hata kile kipande kilichovunjika. Nitakwenda kumwambia mzee."

Dedan akaketi tena kwenye vumbi, safari hii bega kwa bega naye, akitazama upande wa moto huku mwenzake akitazama ukuta, akaanza: walipovunja mlango wa mbele, ule wa udongo.